Saruji haipitishi umeme? Jibu kwa mama wa Nkuhungu anayepigwa shoti na friji

Msomaji mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, ameniletea swali ambalo nimelifupisha hivi:

"Ninauza maji baridi na juisi nyumbani. Kiangazi chote friji yangu haikuwa na neno. Mvua zilipoanza Desemba, kila nikishika mlango nikiwa peku inanipiga. Nikivaa ndala hainipigi. Fundi alikuja, akaigusa akiwa amevaa buti, akasema ni nzima, na kwamba sakafu ya saruji ni kihami, umeme hauwezi kunipitia kwenda chini. Nikafungua daftari la mwanangu wa darasa la tano, nikakuta limeandikwa: vipitishi ni shaba, chuma na alumini, vihami ni mbao, plastiki, kioo, mpira na jiwe. Daftari na fundi wanasema jambo moja. Mbona mimi napigwa?"

Mbukwa, mama. Kabla ya lolote, friji hiyo iwe imezimwa mpaka ipimwe. Vaa ndala kavu, simama pakavu, zima swichi ya soketi, kisha chomoa plagi bila kugusa bodi ya friji. Biashara itasimama siku mbili tatu, najua, lakini nikifika kwenye hesabu hapa chini utaona kwa nini nakusisitizia hivi.

Unapigwa kwa sababu bodi ya friji ina umeme, na sakafu yako ikilowa inaupitisha. Mkono wa fundi ulipoigusa friji ulipima buti zake, haukupima friji. Daftari la mtoto halina kosa, ila limeishia njiani. Kipitishi na kihami si makabila mawili yasiyooana. Ni majina ya ncha mbili za mstari mmoja mrefu sana, na vitu vingi vya nyumbani husogea kwenye mstari huo kila vikilowa, vikipata joto au vikichafuka.

Tuanze na shaba. Atomu moja ya shaba ina elektroni 29, yaani chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme. Zile 28 zimeshikwa barabara, lakini ya mwisho iko nje kabisa, na atomu zikisongamana kuwa waya, hiyo ya nje haina tena mwenyewe. Katika kipande cha shaba cha sentimita moja ya ujazo mna elektroni huru zinazokaribia 85 ikifuatwa na sufuri 21. Wanaoishi vijijini hapa Ugogoni wanajua mavuno yakiisha mashamba yanavyofunguliwa, ng'ombe wakaingia kula mabua bila kuulizwa ni wa nani. Shaba ni shamba lililofunguliwa. Mchungaji akipiga mluzi upande mmoja, kundi zima linasogea. Mluzi huo ndio volti.

Kioo nacho kina elektroni, tena nyingi. Watu wengi hudhani kihami ni kitu kisicho na umeme ndani yake, na hapo ndipo wanapokosea. Elektroni zimo, ila ziko zizini. Kila moja imefungwa kwenye muungano wa atomu na atomu, na ili itoke lazima iruke boma. Urefu wa boma hilo wanafizikia wanaupima kwa elektronivolti. Kwenye almasi ni kama 5.5, kwenye silikoni ni 1.1 tu. Joto la kawaida la chumba haliwezi kumrusha ng'ombe juu ya boma la almasi, lakini kwenye silikoni wachache huruka, na mwanga wa jua huwarusha wengi zaidi. Hivyo ndivyo paneli ya sola iliyo juu ya bati la jirani yako inavyofanya kazi. Silikoni na wenzake tunawaita vipitishi nusu. Aliyeeleza vizuri kwa nini dunia ina vipitishi, vihami na hawa wa katikati ni Mwingereza Alan Wilson, mwaka 1931. Si zamani sana, ukikumbuka kwamba watu walikuwa wakitumia waya wa shaba tangu karne iliyotangulia bila kujua hasa kwa nini shaba inakubali na kioo kinakataa.

Tofauti ya ncha hizo mbili haina mfano. Ukichukua vipande viwili vya umbo moja, kimoja cha shaba na kingine cha kioo, ukinzani wa kioo, yaani jinsi kinavyoupinga umeme usipite, unazidi wa shaba zaidi ya mara bilioni bilioni. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la tano ana haki kabisa ya kuchora mstari katikati ya ubao. Kwa shaba na kioo kikavu, mstari huo haukosei.

Mbao, saruji, udongo, ngozi ya mtu na maji haviko kwenye ncha hizo. Katika vitu hivi anayebeba umeme mara nyingi si elektroni huru. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji huachana vipande viwili, sodiamu yenye chaji chanya na kloridi yenye chaji hasi. Vipande hivi, viitwavyo ayoni, huogelea kila kimoja upande wake, na kuogelea huko ndiko mkondo wa umeme. Maji safi kabisa ya maabara hupitisha umeme kwa shida sana. Maji ya visima vya Dodoma, unavyoyajua wewe unayefua nayo, mengi yana chumvichumvi, na ayoni zimejaa.

Sasa ingia ndani ya sakafu. Saruji si jiwe moja, ina vinyweleo vidogo visivyohesabika. Mwezi wa Septemba vinyweleo hivyo vimekauka, na sakafu inakaribia kweli kuwa kihami. Januari vimenyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo yameyeyusha chokaa ya saruji yenyewe pamoja na chumvi ya udongo. Sakafu ile ile, aliyoisifia fundi, sasa inakaribia kuwa sawa na udongo mbichi. Mbao nazo ni hivyo hivyo. Mwiko mkavu ni kihami kizuri. Mti uliokatwa leo asubuhi, wenye utomvu, usiuamini karibu na waya hata kidogo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1729 Mwingereza Stephen Gray, aliyewahi kuwa mtia rangi nguo, alikuwa akisugua mrija wa kioo na kujaribu kuusafirisha umeme wake kwenye uzi mrefu wa kufungia vifurushi. Yeye na rafiki yake Granville Wheler waliuning'iniza uzi huo kwa nyuzi nyembamba za hariri, na umeme ukasafiri. Hariri ilipokatika wakaweka waya mwembamba wa shaba nyeupe kwa sababu ni imara zaidi. Umeme ukapotea wote, ukakimbilia kwenye waya na kushuka kupitia jengo. Gray alikuwa ameamini kwamba wembamba wa hariri ndio uliozuia umeme usitoroke. Waya nao ulikuwa mwembamba, na bado ulishindwa. Hapo ikawa wazi kwamba siri iko kwenye kitu chenyewe, haiko kwenye umbo. Mimi hupenda zaidi jambo la pili katika kisa hicho, ambalo vitabu vya shule hulipita. Uzi wa vifurushi ungekauka kabisa ungekuwa kihami. Uliusafirisha umeme, kwa zaidi ya mita 200 mwishowe, kwa sababu ya unyevu kidogo uliokuwa ndani yake. Kipitishi cha kwanza cha masafa marefu kilikuwa uzi wenye unyevu, kama sakafu yako ya Januari.

Nifanye hesabu niliyokuahidi. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Mkondo unaokupitia, unaopimwa kwa ampea, ni hizo 230 ukigawa kwa ukinzani wa njia nzima, unaopimwa kwa omu, yaani kihami kilichochoka ndani ya friji, ngozi yako, kitu ulichovaa mguuni na sakafu.

Kiangazi, na ndala, njia nzima inaweza kuwa omu milioni 2. Mkondo ni kama miliampea 0.1 (miliampea ni sehemu moja ya elfu ya ampea), na mtu haihisi. Sasa vua ndala sakafu ikiwa imelowa, njia ishuke hadi omu 50,000. Unapata miliampea 4.6, na hiyo ndiyo shoti unayoisimulia. Friji ni ile ile. Kilichobadilika ni sakafu na miguu.

Usitulie kwenye hiyo 4.6. Kihami cha ndani ya friji kinaendelea kuchoka. Siku kitakapoachia kabisa, kitakachobaki kukulinda ni mwili wako, na mwili wenye mikono iliyolowa na miguu peku unaweza kushuka hadi omu 1,500 au chini ya hapo. Hesabu inakuwa miliampea 150. Karibu na 10 mkono hushindwa kuachia ulichoshika. Kuanzia kama 30 na kuendelea pumzi na moyo viko hatarini. Kati ya shoti ndogo uliyoizoea na ile isiyo na marudio pana kihami kimoja tu, na dalili zinaonyesha kimeanza kuchoka. Ndiyo maana nimekuomba uizime.

Tuje kwa fundi. Sitaki umfukuze, nataka umrudishe na vifaa. Kuna jambo ambalo shoti yako inaniambia hata kabla sijafika kwako. Friji yenye bodi ya chuma inapaswa kuunganishwa na ethi, ule waya wa kijani wenye mstari wa njano unaotoka kwenye pini ndefu ya plagi hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa nje ya nyumba. Kama waya huo ungekuwa umefika, hata ethi mbaya ya omu 700 ingekuokoa kwenye mvujo huu. Miliampea 5 kwenye omu 700 ni volti 3.5 tu, na usingehisi kitu. Wewe unahisi. Basi ama ethi haifiki kabisa kwenye friji (pini imekatwa, kuna adapta ya pini mbili, waya umechomoka ndani ya soketi, au fimbo haipo), ama umeme unatoka kifaa kingine kibovu na kuifuata ethi mbovu mpaka kwenye friji yako. Hilo la pili mafundi wengi hulisahau. Mwombe aichomoe friji kwanza, kisha apime kama tundu la ethi la soketi lina volti. Likiwa nazo, friji inasingiziwa.

Kisha apime kihami cha friji kwa mega. Hiki ni kipimo kinachosukuma volti 500 na kusoma ukinzani kati ya nyaya za umeme na bodi. Kwa nyaya za nyumba kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, yaani omu milioni moja, na nyaya nzima kwa kawaida huzidi hapo mbali sana. Unaona sasa kwamba hata mafundi wenyewe hawaulizi "ni kihami au si kihami?" Wanauliza ni kihami cha omu ngapi. Ile bisibisi yenye taa, testa, haitoshi. Taa yake huwaka kwa mkondo mdogo mno na haikuambii kama mvujo ni wa kuudhi au wa kuua.

Suala la fimbo ya ethi linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu hapa kwetu ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Ethi inategemea udongo upitishe umeme, na udongo wa Dodoma kwa zaidi ya nusu mwaka umekauka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na sehemu nyingi ukichimba kidogo unakutana na mchanga au mwamba wa matale. Chukua fimbo ya mita 1.2 yenye unene wa milimita 16. Kwenye udongo wenye unyevu wa wastani, wenye ukinzani mahususi (kipimo cha jinsi udongo wenyewe unavyoupinga umeme) wa omu-mita 100, fimbo hiyo inatoa kama omu 72. Udongo ukikauka ukafika omu-mita 1,000, fimbo ile ile inatoa zaidi ya omu 700. Ukiirefusha ikawa mita 2.4, inashuka hadi kama 400, na huko chini udongo una unyevu kuliko juu, kwa hiyo nafuu yenyewe ni kubwa kuliko hesabu. Fimbo ndefu ni bora kuliko maneno mengi. Fimbo mbili zilizounganishwa ni bora zaidi, mradi ziachane angalau kwa urefu wa fimbo moja.

Mafundi wetu hutia mkaa na chumvi kwenye shimo la ethi. Mkaa sina ugomvi nao. Chumvi inashusha omu mwaka wa kwanza, kisha mvua huiosha, na wakati huo imeshaanza kula chuma cha fimbo. Kuliko chumvi, ningechagua kuiweka fimbo mahali maji ya bafuni yanapotokea, palipo mbichi mwaka mzima.

Hata hivyo ethi peke yake haitoshi. Hata ile fimbo ya omu 72 ya udongo wenye unyevu, waya wa moto ukigusa bodi ya friji, inapitisha kama ampea 3 tu. Breka ya ampea 20 itaona hizo ni matumizi ya kawaida na haitaruka, na bodi itabaki na volti karibu zote. Kinachookoa ni breka ya mvujo, ambayo mafundi wanaiita RCD. Inalinganisha mkondo unaoingia na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata kabla moyo haujaathirika. Kwenye udongo mkavu kama wetu mimi naiona ni ya lazima. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hiyo.

Na kwa yeyote anayejenga sasa, maana mji huu unajengwa kila upande, saruji aliyoiita fundi kihami inaweza kugeuzwa kuwa ethi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mhandisi Mmarekani Herbert Ufer alitakiwa kutengeneza ethi za maghala ya mabomu huko Arizona, nchi kavu kuliko hii yetu. Alitumia nondo za chuma zilizozamishwa kwenye zege la msingi. Zege lililo chini ya ardhi hunyonya unyevu na kuushika hata udongo wa juu unapokauka. Miaka karibu 20 baadaye ethi zile zilipimwa zikawa bado chini ya omu 5. Mwambie fundi aunganishe nondo za msingi na ethi kabla zege halijamwagwa. Baada ya hapo ni kuvunja nyumba.

Daftari la mwanao nalo lisiachwe. Mpe betri 4 za tochi zilizopangwa mfululizo, taa ndogo ya LED nyeupe na nyaya mbili, akae mbali kabisa na soketi. LED isiunganishwe moja kwa moja na betri zote nne, itaungua. Ipite kwanza kwenye kikombe cha maji. Ajaribu maji ya mvua, halafu atie chumvi kijiko kimoja. Ataona taa hafifu ikichangamka. Kisha abadilishe LED aweke balbu ya kizamani ya tochi, na balbu haitawaka, ingawa maji ni yale yale na umeme unapita. Balbu inahitaji mkondo mwingi na LED inatosheka na kidogo. Hapo atajua kwamba "haipitishi" mara nyingi maana yake ni "haipitishi vya kutosha kwa kifaa nilichotumia kuangalia". Ajaribu pia risasi ya penseli. Ni kaboni kama almasi, lakini mpangilio wa atomu ni mwingine, na umeme unapita.

Asitoke nje na fimbo ya mti kujaribu kwenye nyaya za juu. Hewa kavu hukubali kuvunjika kwenye takriban volti 3,000 kwa kila milimita, na nyaya za treni ya umeme zinazopita mkoani kwetu zina volti 25,000, za njia kubwa za usambazaji 33,000. Kwa volti hizo fimbo ya mtoto, hasa yenye unyevu, si kihami tena. Aviangalie kwa mbali vile vikombe vya kaure vilivyo kwenye nguzo, na mikunjo yake kama sketi. Mikunjo hiyo inaurefushia umeme njia ya kutambaa juu ya kihami na kuacha sehemu za chini zikiwa kavu mvua ikinyesha. Vumbi la kiangazi likitanda juu yake, kisha manyunyu ya kwanza yakalilowesha bila kuliosha, umeme hupata njia. Kaure haijabadilika, kilichobadilika ni ule utando wa tope juu yake.

Fundi akimaliza, mwombe akuandikie namba mbili kwenye karatasi na tarehe, megaomu za friji na omu za ethi, kisha uibandike ndani ya mlango wa meinswichi. Namba ya ethi atakayoisoma sasa, udongo ukiwa umelowa, ndiyo nzuri kuliko zote utakazopata mwaka huu. Arudi aipime tena mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua, na hiyo ya Oktoba ndiyo muamue nayo kama fimbo ya pili inahitajika.